Nani Hupiga Kura na Nani: Shajara ya Ramani ya Bunge, Januari hadi Aprili 2025

Jumamosi, 11 Januari

Nimefungua daftari hili leo ili nisipotee njiani. Swali ni moja: katika Bunge la Taifa la Kenya, nani hupiga kura pamoja na nani? Chama cha kila mbunge tunakijua, kiliandikwa kwenye karatasi ya kura ya 2022. Ninachotaka ni kura zenyewe zinionyeshe kambi ziko wapi, halafu ndipo niweke majina ya vyama juu yake nione kama yanakaa.

Ukimtoa Spika, wabunge ni 349: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wa kike wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Kila mmoja ana mstari wake kwenye jedwali, na kila kura ina safu yake. Aliyesema ndiyo ni 1, aliyekataa ni 0.

Naanza na kura ambazo Mkenya yeyote anazikumbuka: Mswada wa Fedha wa 2024 uliposomwa mara ya pili tarehe 20 Juni, uliposomwa mara ya tatu tarehe 25 Juni, siku ambayo waandamanaji waliingia majengo ya Bunge, na hoja ya kumbandua Naibu Rais Rigathi Gachagua tarehe 8 Oktoba.

Alhamisi, 16 Januari

Siku nne zimeishia kwenye majina. Mbunge mmoja anaandikwa na cheo chake leo, kesho bila cheo, kesho kutwa jina la baba limetangulia. Faili ikiskaniwa vibaya, jina linakatika ukurasa unapoisha na nusu yake inaruka kwenye mstari wa jirani. Tarakilishi inahesabu watu wawili mahali penye mmoja.

Nimeacha majina. Kila mstari sasa unaitwa kwa namba ya eneobunge kama tume ya uchaguzi inavyoyahesabu, kuanzia 001 Changamwe hadi 290 Mathare. Wawakilishi wa kike wanafuata namba za kaunti, Mombasa 001 hadi Nairobi 047. Wateule nimewapa namba zangu. Mtu anaweza kubadilisha jina au chama, ila Changamwe itabaki Changamwe mpaka uchaguzi ujao.

Faida nyingine imejitokeza nilipofika Oktoba. Mstari wa Ugunja, wa Opiyo Wandayi aliyekuwa kiongozi wa wachache, una alama mwezi Juni na Oktoba hauna kitu. Hakukosa kikao. Alikuwa ameshateuliwa waziri wa Kawi, na kiti chake kikabaki wazi. Banissa nayo haikuwa na mbunge tangu aliyekuwepo alipofariki Machi 2023, na tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna wa kuitisha uchaguzi mdogo. Kwa hiyo nafasi tupu kwenye jedwali langu ina angalau maana mbili, kiti hakina mtu au mwenye kiti hakuja. Nimeweka alama tofauti kwa kila moja.

Jumapili, 19 Januari

Kipimo cha kwanza, cha mshikamano wa kundi, ni cha Stuart Rice, Mmarekani aliyeandika kuhusu kura za mabunge miaka ya 1920. Ni hesabu ya darasa la sita. Chukua waliosema ndiyo, toa waliosema hapana, usijali kama jibu ni hasi, kisha gawa kwa jumla ya waliopiga kura. Kundi likipiga kura kwa sauti moja unapata 1. Likigawanyika katikati unapata 0.

Nimekipima kwa Bunge zima kabla ya kuingia kwenye vyama. Mswada wa Fedha kwa mara ya pili, 204 dhidi ya 115, unatoa 0.28. Hoja ya Oktoba, 281 dhidi ya 44, inatoa 0.73. Nyumba ileile, miezi minne tu katikati, nayo imehama kutoka Bunge lililopasuka hadi Bunge linalokaribia kuwa kambi moja.

Mmoja alijizuia kupiga kura Oktoba, na Rice hana mahali pa kumweka. Simon Hix na wenzake, walipochunguza Bunge la Ulaya, walitumia kipimo chenye nafasi tatu: ndiyo, hapana na kujizuia. Nimekiweka akiba. Hapa kwetu wanaojizuia ni wachache mno kubadilisha picha.

Jumamosi, 25 Januari

Leo nimekaa na namba mbili za Juni mpaka chai ikapoa.

Tarehe 20: 204 ndiyo, 115 hapana. Tofauti ni 89.
Tarehe 25: 195 ndiyo, 106 hapana. Tofauti ni 89.

Ndani ya siku tano zile nchi nzima ilikuwa imewageukia wabunge, simu zao hazikupumzika, barabara za katikati ya mji zilijaa vijana, na pengo halikusogea hata kura moja. Kila upande ulipungukiwa watu 9. Anayesoma jumla peke yake atasema presha ya barabarani haikufanya chochote. Lakini jumla inaficha mengi. Huenda 9 walewale walibaki nje kila upande. Au 30 waliondoka, wengine wakaingia, wengine wakageuka, na hesabu ikasawazika yenyewe. Kura ya mbunge mmoja mmoja ndiyo pekee inayotenganisha hali hizi, na ndiyo sababu nilianza kazi hii mstari kwa mstari badala ya kuchora grafu ya jumla na kwenda kulala.

Nikakumbuka usiku wa BBI, ule mswada wa kubadilisha Katiba, 6 Mei 2021, nikaulinganisha. Mara ya pili: 235 ndiyo, 83 hapana. Mara ya tatu, katika kikao hichohicho: 224 ndiyo, 63 hapana. Kipimo cha Rice kinapanda kutoka 0.48 hadi 0.56, kana kwamba wabunge walishawishiana na kukaribiana. Angalia namba vizuri. Waliounga mkono hawakuongezeka, walipungua 11. Waliopinga walipungua 20. Mshikamano ulipanda kwa sababu walioshindwa walitoka zaidi ya walioshinda.

Nimeandika kwa kalamu nyekundu pembeni: *waliotoka wako wapi kwenye jedwali?* Kwa sasa hawapo. Programu inawaruka.

Jumamosi, 8 Februari

Jana Mahakama Kuu imesema Spika alikosea alipotangaza Oktoba 2022 kwamba Kenya Kwanza, muungano wa Rais William Ruto, ndio mrengo wa wengi. Hesabu ya siku ile ilikuwa 179 kwa Kenya Kwanza na 157 kwa Azimio, muungano wa Raila Odinga. Majaji wanarudi kwenye chimbuko: wapiga kura walimpeleka mbunge Bungeni kwa tiketi ya muungano gani, maana orodha ya vyama vya kila muungano iliwekwa kwa msajili kabla ya uchaguzi.

Simu yangu imejaa ujumbe tangu asubuhi. Wenzangu wanauliza, "Sasa jedwali lako linasemaje, wengi ni akina nani?" Haliwezi kusema. Wingi wa kisheria unatokana na karatasi za muungano. Wingi ninaoupima unatokana na kura. Vinaweza kuelekea pande tofauti kwa miaka mitano mizima, na Katiba haijavunjwa na mtu yeyote. Nimewajibu hivyo, na wawili hawajaridhika.

Alhamisi, 13 Februari

Jana Spika ametoa uamuzi mpya: Kenya Kwanza 165, Azimio 154, wengine 30. Kenya Kwanza bado wengi. Nimeziandika namba hizo kama safu ya pembeni, na kesho narudi kwenye kura.

Jumapili, 16 Februari

Hatua ya pili imekamilika: ulinganifu wa wabunge wawili wawili. Unawachukua wabunge wawili, unahesabu kura ambazo wote wawili walishiriki, kisha unauliza walikubaliana katika ngapi. Kwa wabunge 349 unapata jozi 60,726. Stima ilipotea mara mbili hesabu ikiendelea, na kipakatalishi changu betri yake imechoka, kwa hiyo nimeifanya mara tatu.

Matokeo ya kwanza yalinifurahisha kupita kiasi: karibu kila mtu anakubaliana na kila mtu. Ilinichukua saa nzima kuona kosa. Tuseme wabunge wa Oktoba wangepiga kura kwa kurusha shilingi iliyopinda, inayoangukia ndiyo kama Bunge lilivyoangukia, yaani asilimia 86 na nusu. Wabunge wawili wasiojuana kabisa wangekubaliana mara 77 kati ya 100. Kwa Mswada wa Fedha, mara ya pili, wangekubaliana mara 54. Kwa hiyo ulinganifu wa 77 kwenye kura ya Oktoba haumaanishi urafiki wowote. Ni uzito wa upande ulioshinda tu.

Dawa yake ni ya zamani. Jacob Cohen aliiandika mwaka 1960 kwa ajili ya kazi nyingine kabisa: unaondoa kwanza makubaliano ambayo bahati ingeyaleta, unapima yanayobaki. Baada ya kuondoa, ramani imepungua rangi na imekuwa ya kuaminika zaidi. Kambi mbili za Juni zinaonekana wazi. Ukiongeza Oktoba, wabunge wengi wa ODM, chama kikuu cha Azimio, waliokataa Mswada wa Fedha wanahamia upande wa serikali, na baadhi ya wabunge wa Mlima Kenya, eneo la kwao Gachagua, wanabaki wamesimama peke yao.

Jumamosi, 22 Februari

Nimeipeleka ramani bustani ya Jevanjee, katikati ya Nairobi, pale ambapo watu wa Bunge la Mwananchi, jukwaa la raia wa kawaida, hukaa chini ya miti na kujadiliana. Nilikuwa nimeichapisha kwenye karatasi kubwa: nukta za bluu upande mmoja, nukta nyekundu upande wa pili, anayekubaliana na mwenzake yuko karibu naye.

Watu walikusanyika haraka. Kila mmoja alimtafuta mbunge wake kwanza. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya aliinama muda mrefu, akainuka akaniuliza:

"Binti, hawa wote ni wangapi?"

"Waliopiga kura, mzee wangu. Kwa ile ya Juni mara ya tatu ni 301."

"Na wabunge si 349?"

"Ndio."

"Sasa hao wengine umewaficha wapi?"

Nilimweleza kwamba hawakupiga kura, kwa hiyo programu haina la kuwapima. Akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika miaka 20. Mkutano wa kuongeza bei ya mbegu, mtu akijua atachukiwa na upande wowote, anasema ameenda kumwona daktari. Huyo ndiye nilikuwa nikimwandika wa kwanza kwenye daftari langu."

Mama mmoja muuza njugu, aliyekuwa amesikiliza muda wote, akaongeza: "Wa kwetu hupenda sana daktari."

Nimerudi nyumbani na matatu ya jioni, karatasi imekunjwa mapajani. Kalamu nyekundu ya 25 Januari iliuliza jambo lilelile, nami niliipita nikaendelea kuhesabu jozi.

Jumapili, 2 Machi

Wiki nzima ya kutokuwepo. Hii ndiyo sehemu ya mradi ninayoiamini kuliko zote, kwa hiyo naiandika polepole.

Kuna kura za aina mbili Bungeni na nilikuwa nazichanganya. Aina ya kwanza, kama Mswada wa Fedha, huamuliwa na wengi wa waliopo na kupiga kura. Asiyekuja hapunguzii upande wowote. Aina ya pili huhesabiwa kwa wabunge wote. Kubadilisha Katiba, au kumbandua Naibu Rais, kunahitaji thuluthi mbili ya wote 349, yaani 233. Hapo asiyekuja amewasaidia wanaopinga, apende asipende, maana namba 233 haishuki kwa sababu ya viti vilivyo tupu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni sheria ya jinsia. Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanachama wa taasisi za kuchaguliwa. Mswada wa kuitimiza ulipigiwa kura Aprili 2016 ukapata 195. Ukarudishwa Mei, ukapata 178. Februari 2019 mswada mwingine uliletwa, na wabunge waliokuwa ukumbini walikuwa 174, wachache hata kabla ya kura kuanza. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Ukipima miswada hii kwa Rice, 2016 inaonekana kama ushindi mkubwa wa wanawake: wengi sana wa waliopiga kura walisema ndiyo. Jedwali langu la kwanza lingewaweka wabunge hawa kwenye kambi moja yenye mshikamano, na mswada ukiwa umekufa mikononi mwao. Ni jambo linaloniuma kama mwanamke na kama mtu anayehesabu. Wengi hawakusimama hadharani kuukataa, ila walikaa nje.

Kwa hiyo kanuni mpya ya jedwali:

Kwenye kura ya aina ya kwanza, asiyekuwepo ana alama yake mwenyewe na anapimwa na wenzake wasiokuwepo: nani hukosekana pamoja na nani? Kwenye kura ya aina ya pili, asiyekuwepo anahesabiwa pamoja na waliokataa, na ramani inachorwa mara mbili, pamoja naye na bila yeye, ili msomaji aone tofauti. Kiti kisicho na mtu hakihesabiwi popote, isipokuwa kwenye ile 349.

Nimeongeza pia safu ya saini. Hoja ya Oktoba ilipowasilishwa, wabunge 291 walikuwa wametia saini. Waliosema ndiyo wiki moja baadaye walikuwa 281. Kati ya kalamu na kura kuna angalau watu 10, na hao sasa wana alama yao.

Jumamosi, 8 Machi

Jana Rais William Ruto na Raila Odinga wametia saini makubaliano ya UDA, chama cha Rais, na ODM katika KICC, jumba la mikutano la Nairobi. Mwenzangu tunayesaidiana kazi hii alinipigia usiku: "Dada, ramani yako imeshazeeka."

Haijazeeka, ila sasa najua inabidi niikate wapi. Nilikuwa nimepanga kulichukua Bunge hili la 13 kama kipindi kimoja, 2022 hadi 2027, kwa kuwa uchaguzi ndio mpaka wa kawaida. Kwetu mpaka huo haufanyi kazi. Bunge la 12 lilichaguliwa 2017, halafu 9 Machi 2018 Uhuru Kenyatta na Raila wakapeana mikono kwenye ngazi za Jumba la Harambee. Kuanzia hapo upinzani ulikaa ndani ya serikali na nusu ya chama tawala ikawa upinzani. Ukipima Bunge hilo kama kipande kimoja, mbunge wa ODM anatokea katikati ya ramani, kana kwamba ni mtu wa msimamo wa wastani. Hakuwahi kukaa katikati. Alikuwa mwisho mmoja, akahamia mwisho wa pili, na programu ikampa wastani.

Kwa Bunge la sasa nakata mara mbili. Mkato wa kwanza ni Julai 2024, Rais alipovunja baraza la mawaziri na wanasiasa wa ODM wakaingia: John Mbadi, Hassan Joho, Wycliffe Oparanya na Wandayi. Mkato wa pili ni jana.

Jumanne, 18 Machi

Nimejaribu NOMINATE, njia ya Keith Poole na Howard Rosenthal ya miaka ya 1980 iliyoipanga Kongresi ya Marekani nzima kwenye mstari wa kushoto na kulia. Kwa kawaida programu yake humwacha nje mbunge mwenye kura chini ya 20, na huiacha nje kura ambayo walioshindwa hawafiki asilimia 2 na nusu.

Imekataa kazi yangu, na nimeona ni haki yake. Hapa mambo mengi huamuliwa kwa sauti: Spika anauliza, wanaoafiki wanasema ndiyo, wanaopinga wanasema la, anayesikika zaidi anashinda na hakuna jina linaloandikwa. Kura ya majina huja pale wabunge 30 wanaposimama kudai mgawanyiko, au Katiba inapolazimisha hesabu. Zinazofika kwenye jedwali langu ni kura ambazo mtu alitaka zionekane. Mbunge wa Kongresi ana mamia ya kura kwa muhula, wa kwetu anaweza kumaliza mwaka na chache za kuhesabu kwa vidole.

Hata ningepata kura za kutosha, nisingeuita mstari huo kushoto na kulia. Kwenye kura nilizo nazo unaonekana mstari wa aliye serikalini na aliye nje.

Seneti nimeiacha kwa sasa. Kwenye miswada ya kaunti kila ujumbe wa kaunti una kura moja, jumla 47, hata kama maseneta ni 67. Seneta mteule haonekani kabisa peke yake. Itahitaji majedwali mawili na mtu mwenye muda zaidi yangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimerudi Jevanjee na karatasi mpya. Nukta za bluu, nukta nyekundu, na za kijivu kwa wasiokuwepo. Za kijivu nimezikusanya pembeni, wanaokosekana pamoja wako karibu karibu. Ramani ya 25 Juni iko juu, ya 8 Oktoba iko chini yake.

Mzee wa kofia alikuwepo. Aliitazama ile ya juu akaipitisha kidole polepole kwenye kijivu, akasimama kwenye nukta moja.

"Huyu wa kwetu. Na huku chini?"

Nilimwonyesha. Kijivu tena.

"Alikuwa wapi?"

Nikamweleza kwamba karatasi inaonyesha hakupiga kura, haionyeshi sababu. Mbunge anaweza kuwa kwenye safari ya kamati, au amelazwa, au amekaa mkahawani ndani ya majengo ya Bunge akisikia kengele ya mgawanyiko ikilia.

"Hiyo sababu haiandikwi popote?"

"Ruhusa ya kukosa vikao huombwa kwa Spika, mzee wangu."

"Basi iombe."

Usiku huu nimefungua safu mpya kwenye jedwali, *ruhusa*. Ni tupu kuanzia 001 Changamwe hadi mstari wa mwisho. Barua ya kuomba kumbukumbu hizo nimeiandika kwa misingi ya Kifungu cha 35 cha Katiba, haki ya kupata habari, na Jumatatu naipeleka mwenyewe Barabara ya Bunge kabla ya kwenda kazini.